Kuhamisha Kiunzi cha Programu Katika Mifumo Endeshi Mingine: Mfano wa .NET na Mradi wa Mono

Utangulizi

Mwanafunzi anapofungua tarakilishi ili apige chapa tasnifu yake, aghalabu hajiulizi ni tabaka ngapi za kazi ya watu zinazoshikilia herufi anazoziona mbele yake. Chini kabisa yako maunzi, yaani mashine yenyewe. Juu ya maunzi umekaa mfumo endeshi, mathalani Windows au Linux, ambao hugawa kumbukumbu, hufungua faili, huchora madirisha na kuamua ni programu ipi ipewe zamu ya kutumia kichakataji. Juu ya mfumo endeshi huja tabaka la tatu, nalo ndilo linaloshughulikiwa na makala haya: kiunzi cha programu.

Neno kiunzi limeteuliwa kwa sababu linaeleweka. Fundi wa jahazi huanza na mkuku, na chombo kizima hushikiliwa na mifupa yake. Kadhalika mwandishi wa programu haanzi na uwanja mtupu. Hupewa kiunzi ambacho tayari kina njia za kusoma faili, kupanga orodha, kuzungumza na hifadhidata, kuchora vitufe na kuhesabu tarehe. Yeye huongeza kile tu kinachoitofautisha programu yake na nyingine. Wapo watakaopendelea istilahi tofauti, na mjadala wa miaka mingi kuhusu tarakilishi, ngamizi na kompyuta unaonyesha kwamba si rahisi kuwaridhisha wote. Hapa kiunzi kitatosha.

Swali linalozuka ni hili: itakuwaje pale kiunzi kilichoundwa kwa ajili ya mfumo endeshi mmoja kinapotakiwa kifanye kazi katika mwingine? Swali hilo haliwahusu mafundi peke yao. Chuo ambacho programu yake ya kusajili wanafunzi imeandikwa kwa kiunzi kinachofanya kazi katika mfumo mmoja tu kimejifunga kwa mwenye mfumo huo. Leseni ikipanda bei, kitalipa. Kikitaka kuhama, hakina budi kuandika upya kazi ya miaka. Kwa hiyo kuhama kwa kiunzi ni suala la uhuru wa watumiaji kama lilivyo suala la ufundi, na historia ya .NET inadhihirisha pande zote mbili kuliko mfano mwingine wowote.

Lugha ya kati

Kampuni ya Microsoft iliitangaza .NET mwaka wa 2000, na toleo la kwanza likatoka mapema mwaka wa 2002. Pamoja na kiunzi hicho ilizaliwa lugha mpya ya kuandikia programu, C#, ambayo msanifu wake mkuu alikuwa Anders Hejlsberg, raia wa Denmark aliyekuwa amekwisha kujijengea jina kwa Turbo Pascal na Delphi katika kampuni ya Borland.

Msingi wa .NET ni kwamba msimbo wa mwandishi hautafsiriwi moja kwa moja hadi lugha ya mashine. Kwanza hutafsiriwa hadi lugha ya kati, ambayo si ya mashine yoyote. Programu inapoanza kutumiwa, injini tekelezi huichukua lugha hiyo ya kati na kuigeuza papo hapo kuwa maagizo ya kichakataji kilichopo. Wazo hili halikuwa geni, kwani Java ya kampuni ya Sun Microsystems ilikuwa imelitumia tangu mwaka wa 1995. Atakaye kulielewa na alifikirie soko la mji wowote wa Kenya. Mluo, Mkamba na Msomali wanaokutana hapo hawalazimiki kujifunza lugha tatu kila mmoja. Kila mmoja hujua ya kwao na Kiswahili, na biashara huendelea. Lugha ya kati ndiyo Kiswahili cha soko hilo.

Tokeo la muundo huu ni kubwa. Iwapo lugha ya kati haitegemei mashine wala mfumo endeshi, basi anayetaka kuipeleka .NET katika Linux hahitaji kuziandika upya programu elfu moja. Anahitaji kuandika injini moja mpya, na programu zote zitaifuata. Ndivyo ilivyo katika nadharia. Katika utendaji mambo hayakuwa mepesi, kama itakavyodhihirika.

Hatua nyingine iliyorahisisha kazi ilikuwa usanifishaji. Microsoft, ikishirikiana na Hewlett-Packard na Intel, ilizipeleka C# na sehemu ya msingi ya kiunzi mbele ya ECMA, shirika la viwango lenye makao yake Geneva. Viwango viliidhinishwa Desemba 2001, na shirika la kimataifa la ISO likavipitisha mwaka wa 2003. Msomaji aliyesoma historia ya Kiswahili atakumbuka mara moja Kamati ya Lugha ya mwaka wa 1930 na Kiunguja kilichoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lahaja ikishasanifishwa na kuandikiwa sarufi, mtu wa mbali anaweza kujifunza bila ya kukanyaga mji ilikozaliwa. Vivyo hivyo, mtu asiyekuwa mfanyakazi wa Microsoft angeweza kusoma viwango vya ECMA na kuunda C# yake mwenyewe.

Hata hivyo, kilichosanifishwa kilikuwa kitovu tu: lugha, lugha ya kati na maktaba ya msingi. Maktaba za kuchora madirisha (Windows.Forms), za kutengeneza tovuti (ASP.NET) na za kuunganisha hifadhidata (ADO.NET) ziliachwa nje. Ni kana kwamba Kamati ya 1930 ingalisanifisha ngeli na msamiati wa nyumbani, kisha msamiati wa bahari, biashara na sheria ukabaki kuwa mali ya mtu mmoja.

Tumbili wa Mexico

Miguel de Icaza, mzaliwa wa Mexico, alikuwa tayari mtu mashuhuri katika ulimwengu wa programu huria. Mwaka wa 1997 yeye na mwenzake Federico Mena walianzisha GNOME, mazingira ya madirisha yanayotumika hadi leo katika Linux. Baadaye, pamoja na Nat Friedman, alianzisha kampuni iliyokuja kuitwa Ximian. Huko waliandika programu kubwa ya baruapepe, Evolution, kwa lugha ya C, na wakaonja uchungu wake: katika C mwandishi hujihesabia mwenyewe kila kipande cha kumbukumbu, na kosa dogo huiangusha programu nzima. De Icaza alipoisoma .NET aliona chombo ambacho Linux ilikikosa. Mnamo Julai 2001 akatangaza mradi wa Mono, neno la Kihispania lenye maana ya tumbili.

Nia hii ya awali inafaa kuzingatiwa, kwa maana mara nyingi husahauliwa. Mono haikuanzishwa kwanza ili programu za Windows zipate kutumika katika Linux. Ilianzishwa ili waandishi wa programu za Linux wapate kiunzi bora. Haja ya kuzileta programu za Windows ilikuja baadaye kwa shinikizo la watumiaji, nayo ndiyo iliyoleta taabu nyingi zaidi.

Mwanzo wenyewe ulikuwa na kitendawili. Kitafsiri cha C# katika Mono kiliandikwa kwa C#. Ni nani basi angekitafsiri kitafsiri hicho, ilhali Linux haikuwa na kitafsiri chochote cha C#? Hali hii yafanana na kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili, ambayo haimfai mtu asiyejua Kiswahili hata kidogo. Jibu lilikuwa kuazima. Kitafsiri cha Mono kilitafsiriwa kwanza kwenye Windows kwa kutumia kitafsiri cha Microsoft, kisha zao lake likabebwa hadi Linux. Mwaka wa 2002 kikaweza kujitafsiri chenyewe katika Linux, na kuanzia hapo mradi ukaacha kuegemea mashine ya jirani.

Palikuwa pia na suala la kile ambacho mshiriki aliruhusiwa kusoma. Mwaka huohuo wa 2002 Microsoft ilitoa msimbo wa toleo dogo la kiunzi chake, lililojulikana kwa jina la Rotor, ili wanavyuo waweze kulichunguza. Leseni yake ilikataza matumizi ya kibiashara. Mradi wa Mono uliweka sharti kali: aliyeusoma msimbo wa Rotor asichangie Mono. Wanaofundisha maadili ya utafiti watailewa hofu hiyo kwa urahisi. Aliyekwisha kusoma insha ya mwenzake hawezi kuthibitisha kwamba yake haikuchota humo.

Ikiwa kusoma msimbo kulikatazwa, tabia halisi ya kiunzi ilijulikanaje? Kwa majaribio. Washiriki waliandika programu ndogondogo za kuuliza swali mojamoja: ukigawa namba hii kwa ile hutokea nini, ukifungua faili ambayo haipo hutolewa hitilafu gani. Waliziendesha kwenye Windows, wakanakili majibu, kisha wakahakikisha kwamba Mono inatoa majibu yaleyale. Na pale Microsoft ilipokuwa na kosa, mara nyingi iliwabidi waige kosa lenyewe, kwa sababu kulikuwa na programu zilizokwisha kulizoea. Toleo la 1.0 la Mono lilitoka Juni 2004, wakati ambapo Ximian ilikuwa imekwisha kununuliwa na kampuni ya Novell mnamo Agosti 2003.

Mazoea yasiyoandikwa

Ugumu mkubwa wa kuhamisha kiunzi haukutokana na lugha wala na injini. Ulitokana na mazoea ya mfumo endeshi wa kwanza, ambayo hakuna aliyeyaandika popote kwa kuwa kila mtu aliyaona kuwa ya kawaida.

Jina la faili ni mfano mwepesi. Katika Windows, Matokeo.txt na matokeo.txt ni faili moja. Katika Linux ni mbili. Mwandishi aliyetumia herufi kubwa katika ukurasa mmoja wa msimbo na herufi ndogo katika mwingine hakuliona kosa lake kwa miaka mitano, hadi programu ilipohamishwa. Windows nayo hutenga folda kwa mkwaju ulioinamia kushoto (\), na Linux hutumia ule ulioinamia kulia (/). Mono ililazimika kuongeza mpangilio maalumu ambao mtumiaji akiuwasha, injini hutafuta jina kwa tahajia mbadala kabla ya kukata tamaa. Unusuru huo ni kiraka, na ulipunguza kasi, lakini uliziokoa programu nyingi ambazo waandishi wake hawakuwapo tena kuzirekebisha.

Zito zaidi lilikuwa suala la miito ya moja kwa moja. .NET humruhusu mwandishi aruke kiunzi na kuita maktaba asili za Windows zenyewe. Programu ya namna hiyo imevunja ua. Inadai kuwa ya.NET huku mkono mmoja ukiwa jikoni kwa mwenye nyumba. Mradi wa Mono ulitoa zana iliyoitwa MoMA, ambayo ilikagua programu na kuorodhesha miito yote isiyoweza kutimizwa nje ya Windows, ili mwenye programu ajue mapema ukubwa wa kazi inayomngoja.

Windows.Forms ndiyo iliyokuwa na miba mingi kupita zote. Maktaba hiyo ilikuwa utando mwembamba juu ya taratibu za madirisha za Windows, na mwandishi aliweza kupenyeza kidole katika utando huo na kugusa jumbe za mfumo endeshi. Watu wa Mono walijaribu kwanza njia ya mkato. Walitaka kuegemea Wine, mradi mwingine huria unaoziiga taratibu za Windows ndani ya Linux. Njia hiyo iliwashinda, wakaiacha na kuanza upya: kila kitufe, kila menyu na kila kisanduku kikachorwa na msimbo wao wenyewe. Kazi hiyo ilikuja kupevuka katika toleo la 2.0 la Oktoba 2008, zaidi ya miaka saba tangu mradi kutangazwa.

Kuhusu Kiswahili, lipo tatizo moja ambalo wahandisi wachache hulitaja, nalo ni mpangilio wa maneno kialfabeti. Katika Windows, kanuni za kupanga maneno ziliipa ritifaa na kistari uzito mdogo mno, hivi kwamba kwanza maneno hulinganishwa kana kwamba alama hizo hazipo. Kwa kanuni hiyo ng'ombe hukaa baina ya ngoma na ngome. Katika Linux .NET huazima maktaba nyingine ya lugha, ICU, ambayo huichukulia ritifaa kuwa alama inayotangulia herufi zote. Hapo ng'ambo, ng'ombe na ng'oa hukimbilia mbele, kabla ya neno lolote linaloanza kwa nga-. Orodha ya wanafunzi wenye majina kama Ng'ang'a, Ngala na Ngugi hubadilika sura bila ya mtu kugusa herufi hata moja. Na tangu .NET 5 ya mwaka wa 2020, ICU ndiyo inayotumika hata katika matoleo mapya ya Windows, isipokuwa mwandishi aamue vingine. Kwa hiyo hata ambaye hakuhama alihamishwa.

Mwanafonolojia atacheka au atasikitika. Sauti inayowakilishwa na ng' ni fonimu kamili ya Kiswahili, si ng iliyofuatwa na alama ya uakifishaji. Kanuni moja inaipuuza ritifaa, nyingine inaihesabu kuwa alama kama nukta au mkato, na hakuna kati yazo inayoitambua kuwa sehemu ya herufi. Kusema kweli, lawama haiwaangukii wahandisi peke yao. Kanuni za ICU hutokana na hazina ya data za lugha ambayo wataalamu wa lugha wenyewe hualikwa kuichangia. Mhandisi asiyejua Kiswahili hawezi kuibuni kanuni ya ng' kutoka kichwani mwake, na walimu na wanafunzi wa Kiswahili ndio walio karibu zaidi na jibu.

Saa nazo zilileta kisa chao. Windows huyaita majira ya eneo hili "E. Africa Standard Time", Linux huyaita "Africa/Nairobi". Ni saa ileile, saa tatu mbele ya ile ya Greenwich, lakini programu iliyoliuliza jina la kwanza katika Linux ilijibiwa kwamba eneo hilo halipo duniani. Hadi .NET 6 ilipotoka mwaka wa 2021 ndipo kiunzi chenyewe kilipoanza kuyakubali majina yote mawili.

Hofu ya hataza

Kadiri Mono ilivyokomaa ndivyo wasiwasi wa kisheria ulivyozidi. Kiwango cha ECMA kilieleza namna ya kuunda kiunzi. Hakikuondoa uwezekano kwamba mwenye hataza angeweza kumshtaki aliyekiunda. Tarehe 2 Novemba 2006 Novell na Microsoft zilitia sahihi mkataba ambapo kila upande uliahidi kutowashtaki wateja wa mwenzake kwa ajili ya hataza. Wengi katika jamii ya programu huria waliuona kuwa ni mtego. Ikiwa wateja wa Novell wamekingwa, basi anayetumia Linux isiyo ya Novell ameachwa juani, na huenda mkataba wenyewe unakiri kwamba kuna kosa la kushtakiwa.

Juni 2009 Richard Stallman, mwasisi wa harakati za programu huru, aliwaonya wasambazaji wa Linux dhidi ya kutegemea C#. Hoja yake haikuwa kwamba Mono ni mbaya. Alihofia kwamba programu nyingi zikiandikwa kwa C#, siku ambayo Microsoft itaamua kuzuia, hasara itakuwa ya wote. Mwezi uliofuata Microsoft ilitoa ahadi ya hadharani ya kutotumia hataza zake dhidi ya yeyote anayetekeleza viwango vya C# na vya injini tekelezi. Ahadi hiyo ilihusu kile kilichosanifishwa tu. Windows.Forms na wenzake walibaki katika kivuli kilekile cha tangu mwanzo. Mwaka huohuo mradi wa Fedora uliiondoa Tomboy, programu ya kuandikia madokezo iliyotegemea Mono, na mahali pake ukaweka Gnote, iliyokuwa Tomboy ileile iliyoandikwa upya kwa C++.

Leo inajulikana kwamba Microsoft haikuwahi kuishtaki Mono kwa ajili ya hataza. Lakini haifai kuwacheka waliohofu. Mnamo 2001 mkuu wa Microsoft wa wakati huo, Steve Ballmer, alikuwa ameilinganisha Linux na saratani. Aliyeyasikia maneno hayo alikuwa na kila sababu ya kufunga mlango usiku.

Mwenye kiunzi abadilisha njia

Mono iliokolewa na rununu. Simu za Apple hazikuruhusu programu ya kawaida itengeneze maagizo ya mashine papo hapo, jambo ambalo ndilo pumzi ya injini tekelezi. Watu wa Mono wakapata ufumbuzi: wakaitafsiri lugha ya kati yote mapema, kabla programu haijamfikia mtumiaji. Zao lake, MonoTouch, lilitoka mwaka wa 2009. Wakati huohuo injini ya michezo ya Unity ilikuwa imeichukua Mono na kuifanya moyo wake, hivyo watoto wengi wakacheza juu ya Mono pasipo kulijua jina hilo.

Mwaka wa 2011 Novell ilinunuliwa na kampuni ya Attachmate, na kikosi cha Mono kikaachishwa kazi. Mwezi Mei mwaka huo de Icaza na Friedman wakaanzisha kampuni ya Xamarin na kuiendeleza kazi ileile. Huenda hapa ndipo faida ya msimbo huria ilipoonekana kwa uwazi zaidi: mwajiri aliondoka, kazi ikabaki.

Kisha yule aliyehofiwa akageuka. Satya Nadella alishika uongozi wa Microsoft Februari 2014, na Novemba mwaka huo kampuni ikatangaza kwamba .NET Core, kiunzi kilichosukwa upya, kingekuwa huria na kingefanya kazi katika Windows, Linux na macOS. Toleo la 1.0 lilitoka Juni 2016. Sababu haikuwa huruma. Fedha za Microsoft zilikuwa zikihamia katika kukodisha tarakilishi zake kwa wateja kupitia mtandao, na mwenye kukodisha hajali sana mpangaji ameleta samani gani. Mteja aliyetaka Linux naye alilipa kodi. Mwanzoni mwa 2016 Microsoft iliinunua Xamarin, na mwezi Machi msimbo wa Mono ukawekwa chini ya leseni nyepesi ya MIT. Novemba 2020 ikaja .NET 5, na sehemu za Mono zikaingizwa ndani yake kwa ajili ya rununu na vivinjari. Kiunzi cha zamani cha Windows pekee hakikuendelezwa kupita mfululizo wa 4.8 ulioanza mwaka wa 2019.

Si kila kitu kilivuka. Windows.Forms ilihamishiwa katika kiunzi kipya mwaka wa 2019, lakini kwa Windows peke yake. Maktaba ya kuchora picha, System.Drawing, kwa miaka kadhaa ilikuwa ikitumika katika Linux kwa kuegemea kazi ya watu wa Mono, lakini kufikia .NET 6 Microsoft iliacha kuitegemeza nje ya Windows. Sehemu hizo ni miongoni mwa zile zilizoachwa nje ya viwango mwaka wa 2001. Kilichoandikwa kikawa kiwango kilivuka kwa urahisi. Kilichobaki desturi ya nyumba moja, sehemu yake ingali nyumbani.

Hivyo basi mwenye programu ya zamani ya Windows.Forms anayetaka kuitumia katika Linux bado huenda akaigeukia Mono ya asili. Mnamo Agosti 2024 Microsoft ilimkabidhi mradi huo mlezi mwingine. Mlezi huyo ni Wine, uleule mradi ambao watu wa Mono walijaribu kuuegemea ili kuchora madirisha yao, wakashindwa, wakauacha.